Nafasi ya Kidole Kimoja

Kwenye rafu ya sebuleni nimeacha nafasi,
upana wa kidole, kati ya diski mbili.
Mgeni akizisogeza zikabanana, naitanua tena.
Hapo pana mwenyewe. Hajafika tu.

Hull, Novemba. Saa kumi jioni taa za barabara
zimekwisha kuwaka, mvua ya ubavuni inagonga kioo
kama mtu anayepepeta mchele bila haraka.
Nashuka Newland hadi kwa Pickersgill,
duka la mwisho mjini linalouza sinema ya kushika mkononi.
Sijavua kofia, anatikisa kichwa:
"Mwezi huu nao, Bwana Shekue, hamna."

Za Kijapani wametoa, wamezisafisha
hadi unahesabu kope.
Za Kifaransa, watu wanavuta sigara na kununiana, wametoa.
Hata ile ya saa tano, mzee anangoja posta,
imetoka na kijitabu.
Yangu bado.

Niliiona mwaka sabini na tisa, ghorofani juu ya maktaba,
viti vya mbao, watu kumi na wanne,
mmoja wao Mwanatumu.
Nyeusi na nyeupe. Lugha hatukuijua,
na maandishi ya chini yalizama,
meupe juu ya theluji.
Mwanamke kabeba mlango mgongoni,
mlango mzima na kitasa chake,
anavuka uwanda, na hakuna anayemuuliza.
Muziki hamna. Viatu tu: kwacha, kwacha.
Ilipobaki rili moja nikatazama saa.
Zamu ya usiku, kiwanda cha samaki.
Nikainama chini ya mwanga wa projekta
kichwa changu kisije kikaingia kwenye theluji ya watu,
nikatoka.

Asubuhi: aliufikisha?
"Aliufikisha," akapuliza chai. "Akakuta nyumba haina ukuta."
Mwaka uliofuata, tunagombania kodi:
"Aliuchanja kuni."
Usiku ule Mbaraka alipozaliwa:
"Aliusimamisha pale pale kwenye theluji
akabisha hodi."
Nikimwambia mwongo wewe, hunijibu
basi kakate tiketi yako.

Tiketi haikukatwa tena popote.
Nimeandika barua. Kampuni moja ikajibu
hakimiliki ni ya warithi watatu wasiosemezana.
Nyingine, kwamba nakala iliyobaki
iko ghalani na imeanza kunuka siki.
Kumbe ndivyo filamu inavyokufa:
inajikunja, inasinyaa, inachacha
kama achari iliyosahauliwa nyuma ya kabati.
Ya tatu, mwaka jana: "Tunatumaini."
Neno hilo nimelibandika kwenye friji.
Mbaraka ameninunulia mashine isiyobagua diski,
endapo itatangulia kutoka Amerika.
Ngoja ngoja huumiza matumbo;
langu limeshaota sugu.

Mwanatumu tulimzika Februari ya mwaka juzi,
ardhi imeganda, wakachimba kwa mashine.
Wiki ile ya mwisho, wodini, nilimuuliza tena,
safari hii kwa kuapishana.
Akanitazama kwa muda.
"Nilisinzia," akasema. "Ulipotoka tu.
Nilizinduka taa zinawaka, watu wanavaa makoti."

Miaka arobaini na ushei.
Nyumba isiyo na ukuta. Kuni. Hodi.

Jana Pickersgill alinishika mkono mlangoni:
zipo tetesi, wale warithi wamepatana,
labda masika, labda na sauti iliyosafishwa.
Nikamshukuru. Nikakosea njia ya nyumbani
ambayo naipita tangu nina nywele.

Nimeifuta vumbi ile nafasi.
Ikija nitaketi, nitazima taa, nitamtazama
akivuka na mlango wake, kwacha, kwacha,
na ikibaki rili moja,
sijui.
Huenda nikatazama saa.
Huenda nikainama, peke yangu sebuleni,
nikapita chini ya mwanga
nikachukua kofia.